Mchwa wetu si sisimizi wa Brazil

Ndugu Mhariri,

Kuna ushauri unaozunguka kwenye simu za wakulima wa Arumeru, Hai na Moshi Vijijini: panda ufuta kuzunguka shamba, mchwa watabeba majani yake, na baada ya wiki chache kichuguu kitakufa chenyewe. Mwingine unasema funika kichuguu kwa majani ya alizeti pori. Mwingine unataka uchemshe majani ya nyonyo. Watu wanaufuata kwa moyo mmoja, wanatumia mbegu, maji na siku za kazi, na miche ya parachichi inaendelea kukauka mmoja mmoja. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze ushauri huo ulikotoka, kwa nini huko una ukweli, na kinachopaswa kubadilishwa ili mimea hiyohiyo imsaidie mkulima wa huku.

Tatizo limeanzia kwenye jina. Maelezo yale yaliandikwa kuhusu sisimizi wakata majani, wadudu wa jenasi za Atta na Acromyrmex, ambao makazi yao ni bara la Amerika tu, kuanzia kusini mwa Marekani hadi Argentina. Afrika hawapo. Aliyetafsiri, awe mtu au programu ya simu, aliandika "mchwa", na kwa neno hilo moja mdudu akawa mwingine. Sisimizi ana kiuno chembamba na vipapasio vilivyopinda kama kiwiko. Mchwa hana kiuno, vipapasio vyake vimenyooka kama ushanga uliotungwa, na kwa ukoo yuko karibu na mende kuliko sisimizi. Dawa inayomfaa mmoja haina sababu ya kumfaa mwenzake.

Sisimizi wa Amerika, anayeitwa saúva huko Brazil, hali majani anayoyakata. Msafara wake unapopita kila mmoja amebeba kipande cha jani kama mwavuli, lakini jani lile ni shamba. Ndani ya kiota hutafunwa, hulainishwa, kisha hupandikizwa kuvu iitwayo Leucoagaricus gongylophorus, na mabuu hulishwa kuvu hiyo. Kuvu ikifa, kiota kizima kinakufa njaa. Hapo ndipo mimea inapoingilia. Jani la ufuta lina viambata vinavyodumaza kuvu, sesamini ikiwa mojawapo. Sisimizi analibeba mwenyewe na kulitia bustanini mwake. Nyonyo ina risinini inayomdhuru sisimizi, na asidi za mafuta yake hudumaza kuvu. Tephrosia candida, ndugu wa utupa wetu, imetengenezewa chambo cha punje. Colombia wamefunika viota kwa majani mabichi ya alizeti pori. Yote haya ni kweli na yamechunguzwa.

Hata huko, hata hivyo, kazi si nyepesi. Sumu inayoua kwa haraka huwaua wabebaji njiani na haifiki bustanini. Inayofaa ni ile ya polepole, ambayo siku ya kwanza hakuna anayeonekana kuumwa. Tena sisimizi hujifunza. Kuvu ikianza kudhoofika, baada ya siku moja au mbili wabebaji huanza kulikataa jani lilelile walilolipenda juzi, na wanaweza kulikataa kwa wiki kadhaa. Ndiyo maana mstari wa ufuta peke yake haujawamaliza hata kwao.

Sasa mchwa wetu. Wale wa vichuguu vikubwa, Macrotermes, na wale wa Odontotermes ambao mara nyingi hawajengi kichuguu cha kuonekana, nao ni wakulima wa kuvu. Kuvu yao ni Termitomyces, na uyoga unaochipua kwenye vichuguu mvua zinapoanza, ule unaookotwa na kupikwa, ndiyo maua ya shamba lao. Kwa hiyo kazi yao na ya saúva ni moja. Njia ndiyo tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayoharibu ushauri wote wa kwenye simu. Mchwa hatafuti jani bichi. Anatafuta kitu kikavu au kinachoelekea kufa: nyasi zilizokauka, mabua, vijiti, samadi kavu, gome la mti wenye kiu. Halafu hakitii shambani moja kwa moja. Kibarua hukimeza kwanza, kikapita tumboni pamoja na mbegu za kuvu, ndipo akakitoa kama kinyesi na kujengea sega. Basi jani la ufuta lililosimama shambani halimhusu, na jani lenye harufu kali hulikataa nje, kabla halijafika popote.

Kwa mchwa, mimea ina kazi mbili tu za kutegemea. Ya kwanza ni kumzuia asikaribie shina, kwa sababu viambata vingi vya mimea humfukuza zaidi ya kumuua. Ya pili ni kupelekwa kwenye masega na mkono wa mtu mwenyewe, kwa jembe na ndoo. Anayengoja mchwa ajibebee sumu ya majani mpaka kwa malkia atangoja sana.

Kabla ya kutwanga chochote, hakikisha mharibifu ni mchwa. Shina likiwa na tabaka la tope jembamba kama lipu, ukilikwangua chini yake gome limeliwa, huyo ni mchwa wa kuvu. Mche uliokatwa usawa wa ardhi usiku, bila tope lolote, mara nyingi ni kazi ya sota, kiwavi anayekata miche. Fukua sentimita tatu hadi tano pembeni ya shina utamkuta amejikunja. Majani ya waridi yaliyokatwa miduara safi kama kwa mkasi ni kazi ya nyuki wakata majani, na huyo aachwe, anachavusha. Kule tambarare za Monduli, Longido na Simanjiro, nyasi zinazokatwa mchana na kuburutwa kwenye vitundu vyenye vifusi vidogo vya udongo ni kazi ya mchwa mvunaji, Hodotermes. Yeye halimi kuvu kabisa, na tiba yake ni kupumzisha malisho kuliko dawa yoyote, maana hushamiri pale ardhi iliyochungwa kupita kiasi inapobaki uchi.

Mmea tunaoupa nafasi ya kwanza ni utupa, Tephrosia vogelii. Majani yake yana rotenoidi, hasa degwelini na tefrosini, zinazodhuru wadudu na samaki. Wavuvi wa zamani waliutumia kulevya samaki mtoni. Chuma majani kutoka miti iliyokomaa, yaanike kivulini siku tatu hadi tano mpaka yavunjike yakifinywa. Ukiyaanika juani unapoteza nguvu, kwa sababu mwanga huvunja rotenoidi. Kilo nne hadi tano za majani mabichi hutoa takriban kilo moja ya makavu. Yatwange yawe unga. Chukua kilo moja ya unga kwa lita 10 za maji, weka mililita 10 za sabuni ya maji, yaani vijiko viwili vya chai, koroga, funika, acha saa 24 mahali pa kivuli. Chuja kwa kitambaa safi mara mbili, la sivyo mabaki yataziba pua ya bomba. Kwa bomba la lita 16 utahitaji kilo moja na gramu 600 za unga.

Sabuni si pambo. Rotenoidi haziyeyuki vizuri katika maji matupu. Ukiacha sabuni, sehemu kubwa ya sumu inabaki kwenye makapi unayoyatupa na unamwagia mche maji ya kijani tu. Wala usizidishe ukidhani utaongeza nguvu, kwa kuwa sabuni nyingi huunguza majani machanga. Kipimo hiki, unga asilimia 10 na sabuni asilimia 0.1, ndicho kilichotumika katika majaribio ya maharage yaliyofanywa hapa kaskazini na watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha pamoja na wenzao, na kuchapishwa mwaka 2015. Utupa na alizeti pori vilikuwa miongoni mwa mimea iliyolinda mavuno vizuri, huku wadudu rafiki kama buibui na wadudu kobe wakiumia kidogo kuliko kwa dawa ya dukani. Majaribio yale yalihusu wadudu wa maharage. Kwa mchwa namna ya kutengeneza ni ileile. Kinachobadilika ni mahali pa kumimina.

Kwa mche wa parachichi au mkaratusi uliopandwa karibuni, usinyunyizie majani. Chimba kifereji cha kina cha vidole vitatu kuzunguka shina, umbali wa kama sentimita 15 kutoka kwenye shina, mimina lita moja ya maji ya utupa polepole, kisha rudishia udongo. Kurudishia udongo ndiyo hatua inayosahaulika zaidi: kikiachwa wazi, jua la siku mbili tatu linamaliza kila kitu. Rudia kila baada ya wiki mbili au tatu wakati wa kiangazi, na mapema zaidi mvua kubwa ikinyesha katikati. Kama unapanda upya, changanya konzi mbili za unga mkavu wa utupa na udongo wa juu wa shimo, ule utakaozunguka shingo ya mche. Ukiuweka chini kabisa ya shimo la sentimita 60 umeuzika mahali ambapo hautazuia kitu.

Tahadhari moja hatuwezi kuipunguza. Utupa huua samaki kwa kiasi kidogo sana. Usioshe bomba wala ndoo kwenye mfongo (mfereji wa asili wa kumwagilia), kijito au karibu na bwawa la sato, na makapi uyafukie mbali na maji. Mifongo ya Machame, Kibosho na Marangu hupita shamba hadi shamba; uzembe wa aliye juu unafika kwa aliye chini kabla ya jioni. Vaa glovu na funika pua unapotwanga, na usimwagie mboga zitakazoliwa ndani ya siku chache.

Kuna jambo jingine kuhusu utupa ambalo wengi hawalijui, na ndilo linalowafanya majirani wawili wabishane, mmoja akisema unaponya na mwingine akiapa haufai. Utupa uko wa aina mbili kikemia. Aina moja ina rotenoidi. Nyingine haina, ina viambata vingine visivyofaa kitu dhidi ya wadudu. Kwa macho mimea hii inafanana, na mbegu huchanganyika kwa sababu watu hugawiana bila kupima. Kwa hiyo kila mwenye utupa aujaribu kabla ya kuusambaza, na jaribio lenyewe linafanyika mezani.

Chukua sahani yenye mfuniko. Kata karatasi laini nyeupe ya chooni vipande viwili vya ukubwa wa nusu sahani. Kimoja kichovye kwenye maji ya utupa, kingine kwenye maji yenye sabuni ileile kwa kiasi kilekile bila utupa. Vikaushe kivulini, vilaze kila kimoja upande wake, kisha vilowanishe kidogo kwa matone ya maji safi. Vunja njia ya tope kwenye shina, kusanya vibarua 20 na askari wawili kwa jani laini, usiwashike kwa vidole, na uwaweke katikati. Funika, weka mahali penye giza na pasipo joto. Tazama baada ya saa moja, halafu tena baada ya saa 24. Utupa wenye nguvu utawakuta karibu wote wamejazana upande usio na dawa, na walioutembelea wanalegea miguu, wanayumba, wanageuka chali. Wakiwa wamegawanyika nusu kwa nusu na wanatafuna pande zote mbili, mti huo ni wa kurutubisha udongo tu, na kwa hilo ni mzuri sana, ila si dawa. Wakifa wote pande zote, usifurahi: wamekauka au waliumizwa ulipowakusanya. Rudia mara tatu na mchwa wengine kabla ya kuamua.

Mwarobaini unafuata. Hapa kosa kubwa ni kutumia majani wakati azadiraktini, kiambata chenye nguvu ya dawa, nyingi iko kwenye kokwa. Tumia mbegu zilizookotwa zikiwa mbivu, zilizooshwa nyama ya nje, zilizokaushwa kivulini na zisizo na ukungu. Zenye ukungu zitupe, si dawa tena na zinaweza kumdhuru anayezishika. Gramu 500 za kokwa zilizotwangwa kwa lita 10 za maji, saa 12, chuja, tumia siku hiyohiyo jioni. Usichemshe. Azadiraktini haiui papo hapo; humkatisha mdudu hamu ya kula na kuvuruga ubadilishaji wake wa ngozi, basi anayetaka kuona mizoga kesho yake asubuhi atakata tamaa bure.

Na kwa Arusha kuna shida ya maji yenyewe. Maji mengi ya visima na chemchemi za upande wa Mlima Meru yana magadi, pamoja na ile floraidi inayotia meno rangi, na pH yake (kipimo cha uchachu na magadi; 7 ni katikati) mara nyingi hupita 8. Azadiraktini hudumu kwenye maji yenye uchachu kidogo na huvunjika kwenye maji ya magadi. Mtu anaweza kufuata kila kipimo na bado akaiua dawa ndani ya ndoo. Tumia maji ya mvua, au kamulia ndimu mbili tatu kwa lita 10 kabla ya kutia mbegu, huku ukipima kwa karatasi ya pH mpaka ifike 5 au 6. Kwa sababu hiyohiyo acha kabisa ile desturi ya kuchanganya mwarobaini na majivu kwenye ndoo moja. Majivu yana kazi yake, yanyunyize makavu kuzunguka shina kama unayaamini, lakini kwenye mwarobaini ni magadi juu ya magadi. Mti wenyewe hauupendi ubaridi wa miinuko. Unastawi tambarare zenye joto kama Kahe, Mwanga na Same, kwa hiyo wa huku juu wanunue mbegu huko msimu wake badala ya kuhangaika na mti uliodumaa uani.

Alizeti pori, Tithonia diversifolia, imejaa kwenye kingo za barabara na uzio. Kiambata chake kikuu ni tagitinini. Itengeneze kama utupa, kipimo kilekile. Ni dhaifu kuliko utupa mzuri, lakini haina aina mbili za kukuchanganya na makapi yake ni mbolea nzuri. Pilipili na maganda ya machungwa hufukuza kwa saa chache, harufu ikiisha yamekwisha.

Tumbaku tunaikataa. Nikotini hupenya ngozi ya anayeitengeneza, na majani ya tumbaku yanaweza kubeba virusi vinavyoshambulia nyanya na pilipili. Mbegu za nyonyo nazo zisitwangwe nyumbani asilani: zina risini, sumu ya kuua mtu, na watoto hucheza na mbegu hizo kwa sababu ya madoa yake mazuri.

Kuhusu kichuguu chenyewe, kwanza ujue kama kina wenyewe. Jioni bomoa tundu la ukubwa wa ngumi. Asubuhi likiwa limezibwa kwa udongo mbichi, kiko hai. Likiwa wazi, kimehamwa na mchwa na huenda kimehamiwa na nyoka, usiingize mkono. Kichuguu hai kilicho mbali na mazao kiache. Udongo wake, uyoga wake na kumbikumbi wake ni mali ya mwenye shamba. Kinachostahili kushughulikiwa ni kile ambacho njia zake zimefika kwenye miche, na kumbuka njia hizo huenda makumi ya mita chini ya ardhi, kwa hiyo kichuguu kilicho karibu zaidi si lazima kiwe ndicho chenye kosa. Fuata tope.

Kumwaga maji ya utupa juu ya kichuguu kilichofungwa ni kumwagilia tofali. Udongo ule umefinyangwa ukawa mgumu. Maji yanateremka pembeni na yanayoingia yananyonywa na ukuta. Chimba kutoka ubavuni mpaka uyaone masega: vitu vya rangi ya kahawia vyenye mikunjo kama sponji, na juu yake vidoti vyeupe vidogo kama punje za ulezi. Vidoti vile ndivyo kuvu. Toa masega mengi uwezavyo na uwape kuku pamoja na mchwa wake, hilo lifanyike kabla utupa haujaguswa. Endelea hadi kwenye donge la udongo mgumu kuliko mwingine wote, lenye umbo la mkate. Ndani yake amelala malkia na mfalme wake. Watoe wote wawili. Ndipo umimine kwenye vyumba vilivyobaki, si chini ya lita 20 kwa kichuguu cha kimo cha goti, kisha ushindilie udongo. Rudi baada ya wiki mbili na ufanye tena lile jaribio la tundu la ngumi. Vipo vichuguu vyenye malkia zaidi ya mmoja, na kwa Odontotermes kumtafuta malkia mara nyingi ni kupoteza siku. Huko tegemea kinga ya shina.

Wakati mzuri wa kuchimba ni mwisho wa kiangazi, kabla ya kumbikumbi kuruka na mvua. Ukingoja mpaka mvua zichanganye, dawa inasombwa, na kundi limekwisha kutuma wachumba kuanzisha vichuguu vipya.

Lakini kabla ya yote hayo, mlishe mchwa. Shamba lililofagiwa na kuchomwa moto linamwachia kitu kimoja tu cha kula, nacho ni mche wako. Acha mabua na nyasi kavu katikati ya mistari, huku ukiacha uwazi wa sentimita 30 kuzunguka kila shina pasipo takataka. Mwagilia mche mchanga kiangazi, kwa kuwa mchwa huanza na wenye kiu. Mahindi yakikomaa yavune mapema na uyakaushie nyumbani. Bua linaloachwa limesimama shambani mwezi mzima huangushwa, na muhindi ukigusa ardhi umekwisha. Tunaona hatua hizi zinaokoa miche mingi kuliko ndoo yoyote ya dawa, ijapokuwa hazisambazwi kwenye simu kwa sababu hazina siri ndani yake.

Neno kuhusu chambo. Wapo wanaouliza kama wanaweza kuagiza kutoka Amerika ya Kusini zile punje za kuua sisimizi wakata majani. Wasifanye hivyo. Punje hizo kwa kawaida zimetengenezwa kwa makapi makavu ya machungwa ambayo huwavutia saúva, mchwa hazimhusu. Na nyingi zina salfluramidi, kemikali inayogeuka kuwa PFOS, sumu isiyooza ambayo Mkataba wa Stockholm uliiweka chini ya udhibiti mwaka 2009. Ruhusa iliyoachwa kwa salfluramidi ni ya chambo cha Atta na Acromyrmex peke yao, wadudu ambao hapa hatunao. Tanzania ni mwanachama wa mkataba huo. Vilevile anayetaka kuchemsha utupa au mwarobaini na kuuza kwenye chupa ajue kwamba "asili" haimwondoi kwenye usajili wa viuatilifu. Milango ya kugonga ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, pale Ngaramtoni.

Tuna maombi mawili. La kwanza ni kwako, Mhariri: kurasa za kilimo zinapochapisha dawa ya mimea, zitaje mdudu kwa jina lake, sehemu ya mmea, uzito, lita, saa za kuloweka na mahali pa kumimina. "Chukua majani kiasi" haimsaidii mtu, na inamfanya mkulima aone kwamba mimea ni uongo, arudi kwenye unga wa sumu unaopimwa kwa kifuniko cha soda bila lebo. La pili ni kwa wataalamu wa Ngaramtoni, Tengeru na Taasisi ya Nelson Mandela: maabara mnazo. Wakulima wakileta matawi ya utupa yaliyowekwa alama, pimeni mtuambie ni miti ipi yenye rotenoidi, ili mbegu itakayogawiwa vijijini itoke kwenye miti hiyo peke yake. Maafisa ugani wa kata wanaweza kukusanya matawi siku ya gulio, kila moja na jina la mwenye mti, na majibu yakarudi kabla mbegu hazijapasuka kwenye maganda yake.

Wadau wa kilimo hai,
Tengeru, Arusha